Jini asiyeweza kuleta maji: uchambuzi wa kisa cha riwaya moja ya mtandaoni

## Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinamhusu mtunzi mmoja wa riwaya za mtandaoni, mwanamke, mkazi wa pwani ya Tanzania. Jina lake, la kundi lake na la riwaya yenyewe nimeyaondoa, na wahusika nimewapa majina mengine. Ameusoma uchambuzi huu kabla haujatoka na ameuridhia, isipokuwa sehemu ya ridhaa ambayo bado tunabishana. Nimeiacha na upande wake nimeueleza humo humo. Mimi niliingia kama mhariri, riwaya ikiwa imeshaanza kuuzwa. Hilo lizingatiwe tangu mwanzo, kwa sababu mengi yaliyotushinda yanatoka hapo: kipande kikishalipiwa na kusomwa hakifutiki.

## Usuli

Riwaya za namna hii hazisubiri kuisha ndipo zitoke. Zinatoka vipande. Kila kipande kinaanza na ILIPOISHIA, kinafuata SONGA NAYO, na kinakatwa pale pale msomaji anapopandwa na arosto. Vipande vya mwanzo ni vya bure, vinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Hadithi ikifika patamu, mtunzi anaweka namba ya simu. Ukituma hela unaingizwa kwenye kundi la waliolipia. Hela yenyewe ni ndogo, lakini wakilipa wengi inalipa kodi ya nyumba. Wasipolipa, mtunzi anaijua hali yake siku hiyo hiyo, hangoji ripoti ya mchapishaji.

Mtunzi wetu alikuwa na jina tayari. Alianza na chombezo, yaani hadithi za mahaba ya chumbani, akahamia kwenye mapenzi ya mke mwenza na mama mkwe, kisha akaandika hadithi ya jini mahaba iliyompa wasomaji wengi kuliko zote. Kwa msomaji wa pwani jini mahaba hahitaji utambulisho. Anampenda binadamu, anamuoa ndotoni, anamwonea wivu, anamfukuzia wachumba mpaka ndugu waanze kuulizana nani wa kuonwa.

Safari hii alitaka kuzipa mgongo nyumba za kupanga na wake wenza. Alitaka Dar es Salaam ya mwaka 2097. Bahari imepanda, Jangwani na sehemu kubwa ya bonde la Msimbazi ni maji matupu, wenye nacho wamekimbilia miinuko ya Pugu na Kisarawe, na kilichobaki cha Mto Ruvu kimekabidhiwa Kampuni moja inayouza maji kwa kikombe. Umeme wa mitaani unakatwa jua likizama. Kuwasha taa usiku kunahitaji leseni. Katika giza hilo anaishi Mwanaidi, msichana anayetembea na mita mgongoni akiwapimia majirani maji kwa niaba ya Kampuni, na anapendwa na jini aitwaye Kaisi.

Wazo lilikuwa zuri, na kila nusu yake ina ukoo katika Kiswahili. Nchi dhalimu isiyokuwemo kwenye ramani tunayo tangu Shaaban Robert alipotoa *Kusadikika* mwaka 1951. Mapenzi ya jini na binadamu yapo kwenye hadithi za bibi zetu. Kazi ilikuwa kuviweka viwili hivyo ndani ya chumba kimoja, mbele ya wasomaji wanaolipa kwa kipande.

## Mfuatano wa matukio

Vipande vya bure vilikwenda vizuri sana. Kaisi anatokea, Mwanaidi anaogopa, Mwanaidi anazoea, harufu ya udi inabaki kwenye kanga asubuhi. Wasomaji walituma hela wenyewe bila kubembelezwa.

Kisha Kampuni ikaingia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika bila mtu kujua yanaharibikia wapi. Mwanaidi anakamatwa kwa kumpunjia Kampuni kikombe kimoja ili ampe mgonjwa. Kaisi anapita ukutani na kumtoa. Walinzi wanavamia mtaa, Kaisi anawapofusha. Mtaa mzima una kiu. Kaisi anarudi alfajiri na pipa. Kila kipande kilikuwa na vurugu za kutosha, kila kimoja kilikatwa mahali pazuri, na kila kimoja kiliuzwa kidogo kuliko kilichotangulia.

Kwenye kundi, msomaji mmoja aliandika: "Si awamalize tu hao Kampuni leo hii, tulale?" Mwingine akauliza kwa upole kidogo: "Dada, kama jini ana nguvu zote hizo, kwa nini mtaa bado una kiu?" Mtunzi alizichukua kama kejeli. Mimi nilipozisoma baadaye niliona kwamba kazi ya mhariri ilikuwa imeshafanywa na watu wawili ambao hawakulipwa.

Mtunzi alidhani tatizo ni giza, yaani watu wamechoka na huzuni. Ushauri ulimjia kutoka pande tatu. Wasomaji wake wa zamani walimtaka arudi kwenye chombezo, Kampuni iwe pazia tu la nyuma. Msimamizi wa kundi alishauri mgeuko mkubwa: ifichuliwe kwamba Kaisi si jini, ni picha inayorushwa na mitambo ya Kampuni ili kuwapeleleza wapima maji. Na lilikuwepo kundi dogo, lenye sauti kubwa, lililosema habari za majini ni shirki na hadithi ifungwe.

Ujumbe wake wa sauti kwangu ulikuwa mfupi: "Kaka, hela imekata. Niifunge haraka haraka nianze nyingine, au?" Nikamwambia, "Dada, usifunge kwanza. Nipe vipande vyote, pamoja na vile ambavyo hujatoa." Ili tupate nafasi, aliwaandikia wasomaji kwamba mtaani kwao hakuna umeme. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

## Maamuzi na sababu zake

### Kumpunguzia jini uwezo

Uamuzi wa kwanza ndio uliozaa mingine yote. Giza tuliliacha lilivyo, tukamgusa Kaisi.

Sababu ni hii. Hadithi ya dunia dhalimu inaishi kwa jambo moja: hakuna mlango. Msomaji anamwona mhusika anageuka kushoto, ukuta, kulia, ukuta, na moyo wake unabana. Hadithi ya mpenzi asiye binadamu inataka kinyume chake, mpenzi anayepita ukutani. Ukiziweka pamoja bila kuzipatanisha, mpenzi anaitoboa dunia na dunia inavuja yote. Kampuni iliyoogopwa katika kipande cha tatu ilikuwa kichekesho kufikia cha tisa, na mapenzi nayo yakakosa uzito, maana kumpenda anayeweza kila kitu hakumgharimu mtu chochote.

Sasa, apunguziwe nini? Mtunzi alitaka kutunga sheria mpya, jini wa karne ijayo, ana mionzi, hawezi kugusa chuma. Nilimwomba kwanza azungumze na shangazi yake, mama mtu mzima ambaye ujanani aliwahi kucheza ngoma za pepo. Shangazi aliposikia habari za pipa alicheka mpaka akashika ubavu. "Jini hachoti maji, mwanangu," akasema. "Jini anadai."

Neno hilo lilifaa kuliko mashauriano yetu yote. Kilingeni pepo haji bure wala haji tu. Ana kabila lake, ana lugha, ana rangi ya nguo na chakula anachotaka. Ruhani anataka udi, marashi na nguo nyeupe. Kibuki, ambaye asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, anaitisha brandi. Aliyepandwa huitwa kiti, na kiti ana masharti ambayo akiyavunja anaumwa. Pwani tayari ilikuwa na mfumo mzima wa deni na malipo kati ya binadamu na asiyeonekana, na mtunzi alikuwa ameuruka ili aandike shujaa wa filamu mwenye jina la kijini.

Kwa hiyo sheria za Kaisi zikaandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, tukakubaliana kwamba hatuzigusi tena. Hawezi kuhamisha kitu kutoka mahali kwenda pengine, hata punje. Hawezi kuja bila ubani kufukizwa na marashi kunyunyizwa. Haonekani ila kwa aliyemfukizia. Anasikia kupitia kuta. Na, hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, anakumbuka: ameishi miaka mingi kabla ya Kampuni, anajua kila kisima kilichowahi kuchimbwa kati ya Kariakoo na Ilala na kufukiwa. Maji hawezi kuleta. Anaweza kusema yalipo. Kuchimba wachimbe watu, usiku, bila taa.

Baada ya hapo dunia ilianza kumbana jini kama inavyowabana wengine. Ubani ni utomvu wa miti ya Somalia na Oman. Katika mwaka 2097 wa riwaya hakuna jahazi linalofika, na Mwanaidi ana kibweta cha bibi yake chenye vipande vya kuhesabika. Moshi nao ni hatari, kwa kuwa Kampuni inahesabu kila moto usio na leseni kuwa ni wizi wa nishati na ina vinusio juu ya mapaa. Marashi ni maji. Mahali maji yanapouzwa kwa kikombe, kujinyunyizia ni kuchagua. Tazama kipande kilivyotoka baada ya kuandikwa upya:

"Kikombe kilikuwa kimoja. Mwanaidi alikitazama, akatazama chetezo. Akinywa chote, Kaisi atabaki harufu tu ukutani. Akinyunyiza chote, kesho atabeba mita na ulimi uliokauka. Alikunywa nusu. Nusu akaimimina kiganjani juu ya tone la mwisho la marashi ya bibi, akajipaka shingoni taratibu kama anayehesabu pesa za mtu mwingine, na akajiona tajiri."

Ningekata maneno manne ya mwisho. Mtunzi alikataa, na ndiyo yaliyozunguka kwenye stetasi za watu wiki nzima.

### Kuurudisha mji nyumbani

Mji wa rasimu ya kwanza ulikuwa na kuba la vioo, watu wana namba badala ya majina, na walinzi wana helmeti nyeusi. Umeuona kwenye kila filamu iliyosimuliwa na DJ. Tuliuondoa wote. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba kila dhuluma ya mwaka 2097 iwe na mzazi ambaye msomaji amekwisha kukutana naye.

Wazazi hao hawakuwa haba. Desemba 2011 mafuriko yaliukumba mji na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo katika riwaya wahamishwaji wanapewa vibanda mbali na kazi zao, na wanarudi bondeni usiku kwa mitumbwi. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipungua na Dar es Salaam, mji ambao sensa ya mwaka huo huo iliukuta na watu 5,383,728, ukaingia kwenye mgao wa maji. Kwa hiyo Kampuni haihitaji bunduki nyingi, inahitaji ratiba. Msomaji aliyewahi kuamka saa tisa usiku kukinga ndoo kwa sababu bomba limetoka haelezwi udhalimu ni nini.

Jambo moja lilitoka nje ya Dar es Salaam. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwaingilia watu usiku, ilienea Pemba na Unguja, na watu wakalala nje kwa makundi ili wasiingiliwe wakiwa peke yao ndani. Mtunzi aliigeuza hivi: Kampuni inaeneza uvumi wa jini mkatili ili watu waombe amri ya kutotoka nje usiku. Watu wanafanya kinyume, wanatoka kulala barazani wote pamoja, na barazani ndiko habari za visima zinakopitishwa, mdomo kwa sikio. Kwa maoni yangu hapa ndipo riwaya ilipokuwa riwaya. Kitu cha kutisha kisichoonekana na utawala wa kutisha unaoonekana sana vikawa vinagombea usiku mmoja.

### Ridhaa

Jini mahaba wa simulizi za mitaani haombi. Anachagua, anakuja, anachukua, na mwanamke anaamka amechoka. Hadithi iliyotangulia ya mtunzi huyu ilijengwa juu ya hilo na wasomaji waliipenda. Katika hii niliona tatizo. Kampuni inachukua maji ya watu bila kuuliza, inachukua usiku wao, inachukua mgongo wa Mwanaidi. Kaisi naye akichukua bila kuuliza, tofauti yake na Kampuni ni sura nzuri na harufu ya udi. Nilipendekeza sharti liongezwe: haji asipoitwa, na akiambiwa ondoka anaondoka, hata kama ubani bado unafuka.

Mtunzi alikubali nusu. Hoja yake, na ninaiweka kama alivyoisema, ni kwamba nilikuwa ninamfuga jini mpaka anakuwa mchumba wa ofisini. Kinachomvuta msomaji kwa jini mahaba ni hatari, na hatari inayoomba ruhusa si hatari. Alipendekeza njia yake: Kaisi awe na uwezo wa kukataa kuondoka, ajue anao, na tusome kila mara akiamua kuondoka. Kwake hiyo ndiyo mahaba. Tulifuata njia yake. Bado nadhani inawezekana kwa sababu tu Kaisi aliandikwa na mtunzi mzuri. Kwa mkono dhaifu ingekuwa kisingizio.

### Kutofichua, na suala la dini

Mgeuko wa msimamizi wa kundi haukuwa wa kijinga. Una babu mkubwa kabisa: katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, mambo ya mzimuni yanafumbuliwa na mpelelezi Bwana Msa na nyuma yake wanapatikana binadamu wenye siri zao. Lakini kile ni kitabu cha upelelezi, na msomaji wa upelelezi analipia kufumbuliwa. Msomaji wa mapenzi ya jini analipia jini. Ukimwambia katika kipande cha ishirini kwamba aliyekuwa akimlilia ni taa na waya, amedhulumiwa hela yake. Tulikataa.

Kuhusu dini hatukuchukua muda. Aya za Kurani hazikuwekwa kinywani mwa mhusika yeyote, wala kisomo hakikuelezwa. Mtunzi alibandika tangazo kwamba hii ni hadithi ya kubuni na haimfundishi mtu kufuga majini. Mimi niliona tangazo litachochea ubishi. Halikuchochea, lakini halikumbakisha hata mmoja wa waliotaka kuondoka.

## Matokeo

Riwaya ilirudi na kipande cha kikombe. Waliokuwa wameacha kulipa hawakurudi wote, na sitadai kwamba walirudi. Baadhi walikwishahamia kwa watunzi wengine, ambao ni wengi. Walioendelea walisoma mpaka mwisho, na mazungumzo kwenye kundi yakabadilika. Badala ya "awamalize", watu walianza kuhesabu ubani. Msomaji mmoja alikuwa akiandika chini ya kila kipande idadi iliyobaki kwenye kibweta, na siku mtunzi alipokosea hesabu alisahihishwa kabla hajamaliza kunywa chai.

Kufaulu kulileta wezi. Vipande viliibwa, jina la mtunzi likakatwa, vikaanza kuzunguka kwenye makundi mengine bure. Mtunzi alianza kuweka jina lake ndani ya hadithi, kwenye kibao cha duka, kwenye jina la mtumbwi. Mbinu hiyo haizuii wizi ila inamwaibisha mwizi, na wasomaji waliifurahia kama mchezo.

Mwisho wenyewe uliwagawa watu. Ubani unakwisha. Kaisi ana njia moja ya kubaki: Mwanaidi awe kiti chake moja kwa moja, amwachie usiku wake wote, yeye awe anauona mchana tu. Mwanaidi anafikiri vipande viwili vizima, kisha anakataa. Kisima cha mwisho kinatoa maji, Kampuni haijaanguka, Kaisi hayupo. Waliolipia waliandika maneno ambayo sitayanukuu. Wengine walisema wamelia na wanataka msimu wa pili. Hela ya msimu wa pili ilianza kutumwa kabla haujatangazwa.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichobeba riwaya ni bei. Kila mara wapenzi walipokutana, msomaji alijua kimelipwa nini: ubani kiasi gani, maji kiasi gani, hatari gani juu ya paa. Sheria za dunia na sheria za jini zilishikana mahali hapo hapo, kwenye chetezo, na ndiyo maana hazikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kizuizi ambacho mtunzi anakitunga kichwani kinasahaulika hadithi ikipamba moto. Hiki kilikuwa kwenye kibweta na wasomaji walikuwa wanakilinda.

Sheria za uganga wa pwani zilifaa kuliko za kubuni kwa sababu ya pili pia. Wasomaji wengi wana mtu wa nyumbani aliyewahi kuambiwa ana kitu chake. Hawaamini wote, lakini masharti wanayajua. Mtunzi hakuhitaji kusimama kufundisha, aliposimama, aliharibu.

Maana alisimama. Kipande cha kwanza baada ya kile cha kikombe kina Kaisi akimweleza Mwanaidi, kwa kirefu, kila anachoweza na asichoweza, sababu zake, na historia ya ukoo wake tangu zama za Sulaiman. Ni mhadhara. Mtunzi alikiandika kwa hofu, akitaka kuwajibu wale wawili waliomuuliza maswali, na mauzo ya kipande hicho yalikuwa ya chini kuliko yote ya nusu ya pili. Sheria zile zingeweza kutoka moja moja, kila moja siku inapouma: msomaji ajue kwamba Kaisi hawezi kubeba kitu siku mtoto wa jirani anapozama hatua tatu kutoka alipo. Tukio hilo lilikuwemo kwenye mpango wa awali. Lilipokuja kutoka, msomaji alikwishaambiwa, na likapoteza nusu ya nguvu.

Kiraka ndicho kilichoonekana vibaya zaidi. Vipande vya pipa na vya kupofusha walinzi vilikuwa mikononi mwa watu, wamevilipia. Ilibidi isemwe kwa nini Kaisi aliyeweza jana leo hawezi. Jibu lililotolewa, kwamba wazee wa kijini wamemwadhibu kwa kuingilia mambo ya binadamu, linasikika kama lilivyo: jibu lililotafutwa usiku. Njia bora ilikuwepo, na nyenzo zake zilikuwa kwenye hadithi tayari. Pipa lile lingeweza kuwa deni. Maji yaliyoletwa bure yalitoka mahali, kwa mtu, na mwenye nayo amekufa kiu ng'ambo ya pili ya bonde. Kaisi hakusema, Mwanaidi anakuja kugundua. Hapo uwezo wa zamani usingefutwa, ungeshitakiwa. Mtunzi aliyekwama na vipande vilivyokwishauzwa atazame kwanza kama kosa la nyuma linaweza kufanywa dhambi ya mhusika, kabla hajakimbilia kulifunika.

Kampuni yenyewe ilibaki haina uso. Ina ratiba, ina vinusio, ina mita, na yote hayo yalifanya kazi. Lakini hakuna hata ofisa mmoja tunayemjua kwa jina, anayekwenda nyumbani jioni, anayependa mtu. Katika riwaya ya mapenzi hilo ni pengo kubwa kuliko katika riwaya ya siasa. Mapenzi ya Mwanaidi na Kaisi hayakupata wa kuyaonea wivu kwa sura ya binadamu, na katikati ya kitabu, kati ya kisima cha pili na cha tatu, vipande kadhaa vinazunguka pale pale: wanachimba, wanakaribia kukamatwa, wanaponea chupuchupu. Kasi ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili wa kumtazama.

Sijui niweke wapi kipande kimoja ambacho hakina tukio lolote. Mwanaidi ana homa, hana maji ya kunyunyiza, ana chembe ya ubani tu. Kaisi anakuja nusu, sauti bila umbo, na usiku kucha anamtajia majina ya watu waliowahi kuishi chumba kile, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa akichota maji wapi. Hakuna aliyeguswa. Kwenye kundi la waliolipia, lile lile lililoanza na chombezo, hicho ndicho kilichoombwa kirudiwe kwa sauti. Nimekitaja kwa sababu wote tuliokuwa kazini, mtunzi, mimi na msimamizi, tulifikiria kukiruka kwa kuogopa kwamba hakitauza.

Msimu wa pili umeanza kuandikwa, na safari hii vipande vyote vya theluthi ya kwanza viko tayari kabla kimoja hakijatoka. Kuna ofisa wa Kampuni, mwanamume wa makamo, mkaguzi wa moshi, mwenye mke na pua kali. Mtunzi anataka naye awe na jini wake, wa kurithi, anayemficha kazini. Nimemwandikia sababu za kukataa. Amenijibu kwa kunitumia kipande cha kwanza, na bado sijamjibu.